Kipa wa Wageni Nyuma ya Gari Langu

Siku mliyoniaga pale gereji mlinizawadia kiti cha kupumzikia na blanketi zito, mkaniomba niseme neno. Nikasimama, nikasema asante, nikarudia asante, nikaketi. Dereva amezoea kuongea huku macho yakiwa barabarani. Ukimsimamisha mbele ya watu wanaomtazama usoni, humpati. Kwa hiyo nimeamua kuwaandikia. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo waulizeni wengine, wapo wanaoyakumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi nitawaeleza kazi.

Niliingia kazini Mbeya mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijana wa Kibena niliyetoka kuendesha lori la mbao huko Mafinga. Nilidhani najua kuendesha. Asubuhi ya kwanza nikakabidhiwa kwa Mzee Sanga, dereva mkuu wa gari la wagonjwa, Mkinga mfupi aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Hakuniuliza leseni. Alijaza maji kwenye beseni, akaliweka nyuma ya Landrova pale inapokaa machela, akasema, "Nipeleke Uyole, unirudishe."

Tuliporudi, beseni lilikuwa na maji ya kunawa mkono mmoja. Mzee Sanga akalitazama kwa huzuni, kama mtu aliyefiwa kweli.

"Mgonjwa wako amekufa," akasema. "Jaza mengine."

Ndivyo nilivyojifunza. Breki hukanyagwa kabla ya shimo, siyo ndani ya shimo. Gia hubadilishwa kabla mlima haujakuomba. Mbao hazilalamiki, alikuwa akiniambia, ndiyo maana zimekuharibu. Alinifundisha pia kutotoka bila vitu vyangu: mifuko miwili ya mchanga ya kumzuia mgonjwa asibingirike, kamba ya katani, turubai, koleo na dumu la petroli. Ninyi sasa mna redio za kuitia msaada. Sisi tulikuwa na kamba.

Safari nyingi nilikwenda na Sista Tulinagwe, muuguzi wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mwanamke mpole sana mpaka ufunge mlango kwa kishindo. Kati ya kibini cha dereva na nyuma kulikuwa na bati tupu, hatuonani na maneno hayasikiki vizuri, kwa hiyo tuliwekeana alama. Akigonga bati mara moja, punguza. Mara mbili, ongeza. Mara tatu, simama hapo hapo. Nimewabeba wajawazito, waliogongwa na matrekta, waliochomwa na moto wa pombe ya kienyeji. Lakini mkiniuliza ni safari gani iliyoniletea mvi, nitawaambia ni ile ya kipa.

Ilikuwa katikati ya miaka hiyo ya sabini. Timu ya mji wetu ilikuwa imefika fainali ya kombe la vilabu vya nchi jirani, jambo ambalo hata wachezaji wenyewe walikuwa wakilisema kwa sauti ya chini wasije wakaamshwa. Fainali ilikuwa ya mechi mbili: ya kwanza kwetu, ya marudiano kwao, Zambia, kisha mabao yajumlishwe. Siku hiyo soko lilifungwa mapema. Watu walikuja kwa malori kutoka Tukuyu na Chunya, wengine Iringa, wakiwa wamejifunika magunia kwa sababu ya mvua. Mimi niliegesha gari nyuma ya goli la wageni, kama kazi ilivyotaka, na kwa mara moja katika maisha yangu kazi na raha zilikuwa mahali pamoja.

Senta fowadi wetu aliitwa Ambakisye, seremala wa Ilomba. Nje ya uwanja alikuwa kijana wa kukupisha njiani. Ndani alikuwa fahali. Kipa wao aliitwa Lusekelo, na jina hilo lilishangaza watu: Mzambia mwenye jina la Tukuyu? Kumbe wazazi wake walikuwa Wangonde wa Karonga waliohamia Zambia kutafuta kazi, na Kingonde na Kinyakyusa ni lugha moja iliyokatwa na mto. Kila alipodaka mpira, kina mama wa Kinyakyusa walimtukana kwa lugha yao, naye akageuka kuwajibu kwa lugha hiyo hiyo. Wakacheka, wakampenda, wakaendelea kumtukana.

Matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, mechi karibu na kwisha, ukaja mpira wa juu kutoka wingi ya kulia. Lusekelo akaruka, akaushika. Ambakisye alikuwa anakuja mbio kwenye tope. Goti lake likamwingia kipa ubavuni, upande wa kushoto, na mimi niliyekuwa nyuma ya wavu nikasikia mlio wa pigo hilo. Mpira ukamtoka, mwenzetu mwingine akauingiza, refa akanyoosha mkono kati. Mbili kwa moja. Uwanja ulilipuka. Kipa alilala kidogo, akainuka, akamaliza mechi akiwa ameinama upande mmoja. Nilimtazama Sista Tulinagwe. Hakuwa anashangilia.

Asubuhi yake wachezaji wenzake walimleta kipa hospitali wakiwa njiani kwenda mpakani. Aliingia kwa miguu yake. Alisema tumbo linauma, lakini zaidi bega la kushoto, na bega hilo hakuna aliyeligusa. Daktari wa zamu alimbonyeza tumbo, akampima, akatoka nje kututafuta. Bandama imepasuka, alisema, inavuja damu ndani polepole, na ikiamua kuvuja haraka hatutakuwa na la kufanya. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa likizo. Simu ikapigwa Iringa. Jibu lilikuwa fupi: mleteni, namsubiri.

Timu yake ililazimika kuendelea na safari. Walimwachia begi lake na glavu.

Nilipofika getini nikamkuta Ambakisye amesimama na baiskeli, macho mekundu kama mtu aliyelala jikoni kwenye moshi.

"Kaka Mgaya, na mimi nakwenda."

"Hili si basi, bwana mdogo."

Sista akachungulia kutoka nyuma. "Aingie," akasema. "Chupa ya maji ya mshipani inahitaji mtu wa kuishika, na mimi nina mikono miwili tu."

Akapanda. Nikiwa bado sijafunga mlango, nikasikia anasema, "Ndaga, nkamu." Pole, ndugu yangu. Yule kipa aliyelala kati ya mifuko yangu ya mchanga akamtazama sana kabla ya kujibu. "Ndaga," akasema, maana neno hilo ni pole na asante pia. "Goti lako ni la chuma?"

Tukaondoka. Uyole malori ya viazi yalikuwa yamejaa barabarani kama kawaida, na kila moja lilikuwa na sababu yake ya kutonipisha. Lami ilikuwa mpya lakini mvua ilikwisha kuila pembeni. Sista aligonga mara mbili, nikaongeza. Akagonga mara moja, nikapunguza. Ndivyo tulivyoteremka mpaka Igurusi na Chimala. Jasho lilikuwa linanitoka wakati nje kuna baridi. Kwenda mbio kungempasua, kwenda polepole kungemmaliza, na mahali pa katikati palikuwa pembamba kuliko barabara yenyewe.

Kabla ya daraja la Igawa magari yalikuwa yamesimama. Nikateremka, nikakimbia mbele. Lori la tela lilikuwa limeteleza na kujikunja juu ya daraja, kichwa kimeelekea huku, mkia kule. Palibaki upenyo wa watu wawili kupita wakiwa wamebana mabega. Chini, mto ulikuwa umejaa, wa kahawia. Dereva mmoja akaniambia winchi imeagizwa kutoka Mbeya na labda itafika jioni.

Nilirudi kwenye gari na kumwambia Sista. Alimshika kipa mkono, akahesabu mapigo, midomo ikicheza.

"Jioni ni mbali," akasema. "Tunavuka kwa miguu."

Abiria wa mabasi walikuwa wametuzunguka. Walikuwa wamesikia mechi redioni. "Si yule kipa wa wageni?" mmoja akauliza. Mwingine, amejifunga skafu yenye rangi za timu yetu, akasema, "Na ingekuwa sisi kwao, wangetubeba?" Watu wakaanza kubishana, na mimi nikaona dakika za mtu zinatumika kwa mdomo.

Palikuwa na mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe zao bondeni Usangu. Alikuwa anangoja kuvusha mifugo. Hakujua mpira ni nini wala hakuuliza. Aliinama akamtazama Lusekelo usoni.

"Huyu anapumua?"

"Anapumua," Sista akamjibu.

"Sasa mnagombania nini? Maiti ndiyo huwa haina haraka." Akalaza fimbo yake chini, akashika mguu mmoja wa machela. Yule wa skafu akatazama chini, kisha akaja kushika mwingine.

Nilikamata upande wa mbele nikitembea kinyumenyume, mgongo wangu kwa njia. Ambakisye alitembea ubavuni, chupa juu, mwili wake nusu nje ya ukingo wa daraja maana nafasi ya pembeni haikuwepo. Katikati tela lilitubana kabisa. Ilibidi tuinue machela juu ya mabega, na hapo kiatu cha Msukuma kikateleza kwenye mafuta yaliyomwagika. Machela ikainama. Lusekelo alitoa mlio mmoja, akanyamaza. Tulisimama hivyo mpaka Msukuma akapata pa kukanyaga. "Twende," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

Upande wa pili kulikuwa na lori moja tu lililogeukia Iringa. Lilikuwa limevuka kabla ya ajali, na dereva wake, Mhehe aitwaye Kihwele, alibaki kusaidia. Alikuwa amebeba pareto iliyokaushwa, magunia mpaka juu. Nikamsalimu kwa kikwetu, "Kamwene," nikamweleza.

"Pareto ni laini, atalala vizuri," Kihwele akasema. "Lakini vumbi lake linapigisha watu chafya."

Sista alifumba macho kidogo. "Huyu akipiga chafya moja kubwa, ndiyo mwisho."

Tulitandika turubai langu juu ya magunia, tukalifunga kwa kamba ili vumbi lisipande, na Sista akaloweka kitambaa akamfunika kipa pua na mdomo. Nilimpa askari wa barabarani aliyekuwa pale darajani ufunguo wa Landrova. Kisha nikamwomba Kihwele aniachie usukani.

"Ndugu," akasema, "mke wangu mwenyewe sijamwachia."

Kwa hiyo nilikaa pembeni yake, na nadhani katika maisha yake hakubeba abiria mbaya kuliko mimi. Nilikanyaga breki isiyokuwepo mpaka Makambako. Nilimwambia shimo hilo, punguza, sasa gia, na yeye akawa ananijibu mmh, mmh, lakini kila nililosema alilifanya. Nyuma Sista aligonga paa la kibini kwa alama zetu zile zile. Moja. Mbili. Moja. Tulipita Nyololo, tukapita Mafinga, miti ya misonobari ikipita pande zote, mimi nahesabu Sista anavyogonga kama watu wanavyohesabu pumzi za mtoto mwenye homa.

Baada ya Ifunda kugonga kukakoma.

Nilingoja. Kihwele naye alikuwa anangoja, kwa sababu alianza kunitazama. "Tusimame?" akauliza. Mara tatu ndiyo simama, na mara tatu haikuja. "Endelea," nikamwambia, nikitamani angekuwa yeye mwenye kuamua. Tangu Tanangozi mpaka kule chini Ipogolo nilitega sikio kwenye paa. Tulipoanza kupanda mlima wa kuingia mjini lori lilinguruma sana hata ningegongewa nisingesikia, na kwa aibu nasema nilishukuru, maana sasa ukimya ulikuwa na sababu nyingine.

Hospitali nikaruka kabla lori halijasimama. Sista Tulinagwe alikuwa amepiga magoti juu ya turubai, mikono yote miwili imeshika kichwa cha Lusekelo ili njia ya hewa isizibe. Ndiyo maana hakugonga. Ambakisye alikuwa bado ameinua chupa. Ilikuwa tupu, lakini hakuna aliyemwambia aishushe.

Kipa alikuwa amezimia, ila alikuwa hai.

Ikatakiwa damu. Ambakisye alikunja mkono wa shati kabla hajaulizwa. Wakampima: haikulingana. Akataka wapime tena. Wakanipima mimi: haikulingana. Iliyolingana ilikuwa ya Kihwele, ambaye alikuwa amekwisha kurudi nusu ya njia kwenye lori lake kwa sababu alikuwa anaogopa sindano kuliko simba. Tulimkamata mimi na Ambakisye, mmoja kila upande, siyo kwa nguvu sana. Alitoa damu amegeuza uso ukutani, akiuliza kila mara kama imekwisha.

Halafu tukakaa kwenye benchi. Ambakisye aliangalia mikono yake.

"Kaka Mgaya," akasema, "niliona ameushika mpira. Niliona kabisa. Nikaenda."

Mzee Sanga alinifundisha mashimo tu.

Daktari alipotoka alikuwa amechoka hata kuvua kofia. "Bandama tumeitoa," akasema. "Kama atapona, mniulize kesho." Kesho yake tulimuuliza, akatuambia kesho. Siku iliyofuata akatabasamu kidogo, na Sista Tulinagwe, ambaye sikuwahi kumwona akilia, akatoka nje kwenda kukagua gari ambalo halikuwepo.

Lusekelo alibaki Iringa mpaka marudiano yalipokaribia. Lakini maneno hayangoji mgonjwa apone. Huko kwao ilisemwa kwamba alikufa, kwamba tulimzika kimya kimya, kwamba hata kaburi liko mahali fulani. Viongozi wa timu yetu walipelekewa onyo wasivuke mpaka. Wachezaji wengine wakaanza kuumwa ghafla. Ndipo Lusekelo mwenyewe aliposema, "Nipelekeni. Wakiniona watanyamaza." Daktari alikubali kwa sharti moja: asafiri amelala, na muuguzi awe pembeni yake. Kazi ikarudi kwangu.

Nilifuata basi la timu mpaka Tunduma, tukavuka, tukaenda siku nzima. Lusekelo alikuwa na maneno mengi nyuma kule. Nilimsikia anacheka kupitia bati, na kicheko chake kilikuwa kinanitisha kwa sababu ya mshono. Tulipofika mjini kwao siku ya mechi, barabara ya uwanjani ilikuwa nyeusi kwa watu. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha basi. La pili lilitua kwenye boneti yangu. Watu wakatuzunguka, wakaanza kulitikisa gari, na safari hii hapakuwa na breki wala gia ya kunisaidia. Nilizima injini ili nisimkanyage mtu. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, na Sista akipiga kelele, "Lala chini! Nimesema lala!"

Lusekelo aliteremka. Alikuwa amekonda, amejifunga blanketi la hospitali, miguu mitupu. Alisimama ameshika mlango, na niliona hatafika mbali peke yake. Hapo mlango wa basi nao ukafunguka. Ambakisye akashuka peke yake. Alipita katikati ya watu wale, mawe yakiwa bado mikononi mwao, akamfikia kipa na kumpa bega. Lusekelo akamshika shingoni, akawaambia watu wake maneno machache kwa lugha yao ambayo mimi siijui. Mwanamke mmoja, dada yake kumbe, akapiga kigelegele kilichoishia kilio. Njia ikafunguka. Wakaingia uwanjani wameshikana hivyo, mimi nikifuata nyuma taratibu kwa gari.

Mechi yenyewe ilikuwa ngumu. Walitufunga bao kipindi cha kwanza na lingine cha pili, jumla ikawa tatu kwa mbili, kombe lao. Bao moja tu lingetuweka sawa. Mwishoni kabisa mpira ukapenya, Ambakisye akabaki na kipa wao wa akiba, kijana mwembamba ambaye bila shaka alikuwa amesikia yote. Kipa akajitupa miguuni pake. Nilikuwa nyuma ya goli hilo, sikuzuiwa na kitu kuona. Mpira ulikuwa hapo, wa kusukumwa tu, lakini mguu ungepita kifuani pa mtu. Ambakisye aliruka. Alimruka kipa kama unavyomruka mtoto aliyelala mlangoni, na mpira ukabingirika ukatoka nje.

Njiani kurudi hakuna aliyemsemesha. Tulipofika Tunduma akaomba apande gari langu, akakaa pale alipokuwa amelala Lusekelo, ambaye tulimwacha kwao. Sista alikuja mbele kumwachia nafasi ya mawazo yake. Tulipofika Ilomba, vijana walikuwa wamepanga mstari barabarani, na maneno waliyomrushia sitayaandika. Nikapeleka gari mpaka mlangoni kwao ili asitembee.

Mama yake alitoka akijifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa amesikia matokeo. Mji mzima ulikuwa umesikia.

"Yule mtoto wa watu mmemfikisha kwao?" akauliza.

"Tumemfikisha, mama."

"Anatembea?"

"Anatembea."

"Basi ingia ule," akamwambia mwanawe. "Ndizi zinapoa."